Namba Iliyoitwa Bondeni

Sogeeni, wenye masikio ya kusikiliza na wenye midomo ya kubisha, maana hadithi hii inawahitaji wote.

Katika kijiji cha Ilundo, huko milimani kusini ambako mvua haina likizo, walikuwapo wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Wa kwanza, Ikupa, alikuwa na simu ya kioo. Iliwahi kutumbukia kwenye ndoo ya maji, na tangu siku hiyo haikutoa sauti wala kusikia. Lakini kusoma na kuandika iliweza. Ikupa aliwahi kuwa muuzaji kwenye duka la vitambaa mjini, na duka lilipofungwa alirudi nyumbani na mtoto mgongoni na simu hiyo kiunoni. Aliijua simu yake hata gizani.

Wa pili, Subilaga, alikuwa na namba. Yeye alitunza nyumba ya wageni ya kanisa, chini kabisa bondeni, mahali ambapo mtandao haufiki hata kwa maombi. Ukutani mwa nyumba ile ilikuwapo simu ya waya, nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa. Kupiga haikuweza tena, kupokea iliweza. Mti ukiangukia waya, Subilaga alipandisha gauni, akapanda mlima, akaufunga waya kwenye nguzo yake. Alifanya hivyo miaka yote, na miaka yote hakuna aliyepiga.

Wa tatu, Atupele, alikuwa na sauti. Mtu akifariki Ilundo, Atupele ndiye hupanda juu ya jiwe kubwa lililo kati ya bonde na ukingo wa mlima, akaliita jina la marehemu mara tatu, kisha akatoa habari. Sauti hiyo huvuka mto, hupanda mlima wa pili na kuingia hadi jikoni kwa watu. Kwa kazi hiyo aliheshimiwa, na kwa kazi hiyohiyo hakuna aliyekumbuka kumwalika harusini. Watoto walimkimbia.

Na palikuwa na wa nne, Sekela, ambaye hadithi hii ni yake.

Sekela alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilikuwa vyembamba na vigumu. Maharage yaliivia humo upesi. Lakini mchuuzi aliyekuwa akija na gari kuvichukua aliacha kuja, na vyungu vikarundikana. Vilijaa ukumbini, vikaingia chumbani, mpaka Sekela akawa analala katikati yake kama mlinzi wa ghala. Mume alikwishakufa. Binti hakubahatika kupata. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja kwenye chungu cha watu sita, kwa sababu kidogo hakuwa nacho. Vidogo viliuzwa zamani.

Aliwahi kuwa na laini ya simu. Ilisajiliwa kwa jina la mpwa wake, mtoto wa dada. Mpwa alipohama aliondoka na laini, na wateja wakaenda nayo. Walipopiga kuulizia vyungu, mpwa alipokea mwenyewe, akawauzia masufuria.

Sekela akashuka mjini kusajili laini ya jina lake. Wakala akamwonyesha mahali pa kuweka kidole.

"Bonyeza tena, bibi."

"Nimebonyeza."

"Futa kidole."

Akafuta kwa khanga, akabonyeza. Akabadilisha kidole. Wakala akampaka mafuta, akambonyezea mwenyewe. Kumbe udongo ulikuwa umekula mistari yote ya vidole, vimekuwa laini kama tumbo la chungu.

"Bibi, mashine inasema hakuna kidole."

"Na hiki ni nini? Ndizi?"

Watu kwenye foleni walicheka. Sekela naye alicheka kidogo. Kisha alipanda mlima kurudi kwake, na njiani hakukutana na mtu wa kumsimulia.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, alisimama mlangoni akasema kwa sauti kila mtu asikie: "Mimi sina laini na sitapata. Atakayewezesha wateja wanifikie, nitamwonyesha shimo langu."

Hilo si neno dogo. Kila mfinyanzi wa Ilundo ana shimo lake la udongo, ng'ambo ya kijito, na shimo huonyeshwa mtu mmoja tu. Mama humshika binti yake mkono, huvuka naye, na mikono yao miwili huzama pamoja kwenye udongo. Wa pili haonyeshwi. Wazee waliliona zamani hilo: shimo likiwa la wawili, huchimbwa kwa pupa na huisha watu wakiwa bado wanagombana.

Kesho yake Ikupa alikuja, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, shangazi. Ile wasapu ya biashara haitaki laini. Inataka namba tu, namba yoyote inayoweza kupokea simu. Simu yangu itaibeba."

"Basi tumia namba yako."

"Ya kwangu ina wasapu yangu mwenyewe. Halafu, shangazi, mimi leo nipo. Kesho je?"

Sekela akamkumbuka mpwa wake. "Nataka namba isiyohama."

Wote wawili wakatazama chini bondeni, kwenye bati jekundu la nyumba ya wageni.

"Ile ya Subilaga imepigiliwa misumari," akasema Ikupa. "Haiwezi kupanda basi."

Subilaga hakukataa, ila ilibidi aombe ruhusa kwa mchungaji, na mchungaji hakupenda.

"Ile nyumba ni ya wageni au ya vyungu?"

"Mchungaji, wageni wa mwisho kulala mle walikuwa buibui."

"Haya. Lakini aibu ikitokea, ni juu yako, na ufunguo utaurudisha."

Subilaga akakubali. Chumba chake cha kulala kilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Kurudisha ufunguo kwake ni kukosa pa kulala.

Ikabaki shida moja. Programu ile hutuma namba ya siri ili ithibitishe kwamba simu ni yako. Kwa simu ya waya haiwezi kutuma ujumbe, kwa hiyo hupiga, na sauti ya mashine huitaja namba. Mtu aliyeomba lazima aiandike upesi kabla haijafa. Sasa, simu inayopokea iko bondeni kusiko na mtandao, na simu ya kuandikia iko juu ukingoni kwenye mtandao. Kupanda kutoka kule mpaka huku, hata mbuzi anapumzika njiani. Simu ya Ikupa ilikuwa kiziwi na bubu, huwezi kuipigia. Na vijana wenye simu nzima walikuwa kwenye mashamba ya chai kwa msimu wote.

"Anayeweza kuifikisha ni mmoja tu," akasema Subilaga, na hakumtaja.

Sekela alimfuata Atupele nyumbani kwake. Alimkuta anachambua mboga, peke yake, mlango wazi.

"Nani amekufa?" akauliza Atupele, akaanza kufunga kilemba.

"Hakuna. Nataka unitangazie namba."

Atupele aliweka mboga chini. "Mtu hajawahi kunijia kwa jambo la mzima," akasema. "Twende."

Siku yenyewe Ikupa alipanda ukingoni na khanga nyekundu, kwamba namba ikikubali ataipunga. Atupele alisimama juu ya jiwe lake. Sekela na Subilaga walikaa chumba cha simu, dirisha wazi. Subilaga alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka.

Huko juu Ikupa alijaza namba ya simu ya waya, akaondoa sifuri ya mwanzo kama inavyotakiwa, akasubiri maneno ya "nipigie" yaamke, akabonyeza.

Simu ya ukutani ililia. Wanawake wale wawili waliruka kama waliomwagiwa maji.

Subilaga akashika mkonga kwa mikono miwili. "Haloo? Karibu. Za huko mtokako? ... Hatujambo. Nyumbani wazima?" Akasikiliza, akakunja uso. "Sekela, huyu mtu anasema tu, salamu hajibu."

"Si mtu! Ni mashine! Taja namba!"

"Hata kama ni mashine. Amepiga nyumbani kwa watu."

Simu ikakatika. Namba ilipita yote, Subilaga akiiulizia habari za watoto.

Ilibidi kungoja. Programu ile ukikosea hukufungia mlango kwa muda. Ukungu ulianza kupanda, na Sekela akaona jiwe la Atupele linafifia. Moyoni alisema, na hili nalo limepita kama lile la kidole.

Kisha simu ikalia tena. Safari hii Subilaga alijiziba mdomo kwa kiganja mpaka sauti ilipofika kwenye namba, ndipo akatoa kichwa dirishani na kuanza kuzirusha tarakimu moja moja kwa Atupele.

Atupele alifumbua kinywa. Lakini koo lake tangu ujana halijawahi kuanza na kitu kingine ila jina. Lilikataa kuanza na namba. Likaanza linavyojua.

"Sekelaaa! Sekelaaa! Sekela wa Ilundooo!"

Sekela, pale dirishani, alisikia jina lake likivuka mto kwa sauti ile ambayo kila mtu husikia ya wenzake na hakuna anayesikia ya kwake. Kisha zikafuata tarakimu, moja baada ya nyingine, zikavutwa kwa muda mrefu, mpaka ya mwisho, iliyotoka ikikwaruza. Kimya. Ukungu. Halafu kule juu kitu chekundu kikapungwa.

Subilaga alipiga kigelegele. Sekela alitafuta kigelegele chake, akakuta hakipo tayari. Alisema "ndaga", ambalo ndilo neno la shukrani la kwao, akashika njia ya nyumbani.

Alipokaribia kwake alisikia watu. Ua ulikuwa umejaa. Wamekuja na kuni, wamekuja na mikungu ya ndizi, wamekuja na unga kwenye mabeseni, kama inavyopasa msiba ukiitwa. Sekela alisimama nyuma ya migomba.

"Nilikuwa nije kumwona Jumapili," alisema mwanamke mmoja, analia.

"Jumapili ipi?"

"Hii inayokuja."

"Wewe umeanza kusema hivyo maparachichi hayajapandwa."

"Nani alimkuta?" aliuliza mzee mmoja.

"Nani wa kumkuta? Alikuwa hana mtu."

Ilisemwa bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema leo kuna baridi. Sekela alikaa pale nyuma ya migomba muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Ukweli ni kwamba ua wake ulipendeza na watu. Mmoja alikuwa anafagia. Mwingine alikuwa amewasha moto, na moshi ulitoka jikoni kwake bila yeye kuwamo.

Mwishowe alijitokeza. Mabeseni mawili yalianguka.

"Nipo," akasema. "Kaeni."

Kulikuwa na mayowe, kisha vicheko, kisha hasira.

"Mimi nimeacha palizi yangu!" alisema mmoja.

"Na kuni zangu? Nizirudishe?"

"Ziache," akasema Sekela. "Zitachomea vyungu."

Walikunywa chai, wakamtania kwamba amenenepa mno kwa mtu aliye marehemu. Halafu mawingu yalishuka, na kila mmoja akakumbuka nguo alizoanika. Waliondoka kwa makundi, halafu mmoja mmoja. Ua ukabaki na kuni tu.

Lakini wateja walianza kuja. Ikupa alipiga picha za vyungu, akazipanga kwenye duka lile la ndani ya simu. Jioni alipanda ukingoni kusoma ujumbe na kuushusha. Mwenye kutaka kuzungumza alipiga simu ya ukutani, na Subilaga alipokea, akamsalimia kwanza mpaka akaridhika. Halafu Atupele alimwita Sekela kutoka kwenye jiwe. Siku hizi huanza kwa kigelegele, watu wasije wakaleta kuni. Chumba cha Sekela kilianza kuonekana sakafu. Na kila siku alikuwa na wageni, wanawake wale watatu, mmoja asubuhi, mmoja mchana, mmoja jioni. Alianza tena kupika chungu kijae.

Ndipo mwenye hoteli mmoja wa mjini akaagiza vyungu vingi kuliko udongo uliokuwapo nyumbani. Shimoni lazima, na bega la Sekela halibebi tena. Na watu mlangoni mwa kanisa walianza kuuliza: "Mama, ile ahadi ni ya lini?"

Wale watatu wakaja siku moja, bila kuambiana.

Ikupa akasema: "Shangazi, simu ni yangu, na wazo ni langu. Bila mimi ile namba ingekuwa namba tu ukutani. Mtandao naununua mimi. Nina mtoto, sina kazi, na sitaki kuondoka tena. Nipe kitu cha kunishika hapa."

Subilaga akasema: "Simu bila namba ni kioo cha kujitazamia. Niliufunga ule waya wakati nyote mnanicheka. Na nimeweka rehani mahali pangu pa kulala kwa ajili yako. Ile nyumba ikifungwa kesho, mimi nitaondoka na nini? Na ufagio?"

Atupele alikuwa wa mwisho, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, maana tangu siku ile haijarudi ilivyokuwa. "Simu ilikuwa juu, namba ilikuwa chini," akasema. "Bila mimi zingetazamana mpaka leo. Nimetangaza wafu wa kijiji hiki chote. Nataka mikono yangu ijue kazi nyingine, na watoto waje kwangu kuomba udongo wa kuchezea."

"Wewe!" akadakia Ikupa. "Si ulimuua shangazi mzimamzima?"

"Afadhali mimi kuliko aliyeisalimia mashine."

"Na ingejibu," akasema Subilaga, "kama ingekuwa imelelewa."

Walicheka wote wanne. Kisha waliacha kucheka, wakamtazama Sekela.

Sekela alipima. Alimwazia Ikupa: ana nguvu, ana miaka mingi mbele, atafinyanga hata wajukuu wake waone. Alimwazia Subilaga: mtu aliyetunza simu isiyolia hawezi kushindwa kutunza shimo. Alimwazia Atupele: alitoa kitu ambacho hakirudi. Kila alipomshika mmoja, mkono ulikuwa sawa na wa mwingine.

Na alijua jambo ambalo hakulisema. Kuwapa wote hawezi. Shimo litaisha, na desturi itamwaibisha. Kumnyima kila mmoja ni kuwa mwongo mbele ya kanisa zima. Lakini akimpa mmoja, huyo atakuja kila siku, na wale wawili watakuwa na sababu ya kutokuja. Ikupa akichukia, simu inaondoka. Subilaga akichukia, siku programu itakapoomba kuthibitishwa tena, simu italia mpaka inyamaze. Atupele akichukia, bonde litanyamaza. Na hata kama biashara ingeendelea bila wao, Sekela hakuwa na wasiwasi na biashara peke yake. Alikuwa amekwisha kujua ua wake ukijaa unafananaje, na ukiondokewa unafananaje.

"Nipeni mpaka kesho asubuhi," akasema.

Asubuhi alitoka na jembe. Walikuwa wamekwisha fika, wameketi kwenye zile kuni zilizobaki, hawasemezani. Hakuwaamkia kwa maneno mengi. Alitangulia, nao wakamfuata kwenye kijia chembamba: Ikupa, kisha Subilaga, kisha Atupele. Walifika kwenye kijito, mahali ambapo anayevuka na mfinyanzi ni mmoja tu, na wengine hugeuka wakarudi makwao.

Sekela aliingiza mguu mmoja majini. Maji yalikuwa ya baridi. Bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, chenye vile vidole ambavyo mashine ilivikataa. Nyuma yake aliwasikia wanapumua, watatu, na hakuna aliyethubutu kukishika kabla hajaitwa.

Amesimama hapo. Lazima ataje jina, na akilitaja halirudi.

Basi mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, wakubwa kwa wadogo, mtajieni: aite nani? Mwenye simu, mwenye namba, au mwenye sauti? Na ukishamtaja wako, usinyamaze, niambie na hili: wale wawili wanaogeuka pale kijitoni, ungekuwa wewe Sekela, ungewaambia nini ili kesho waje tena?